Jinsi ya kuhesabu mwewe, kozi na tai wanaopita kwetu Mbeya kuanzia Oktoba

Siku yangu ya kwanza kuhesabu nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Mwewe mia na ushee asubuhi moja, nikamsimulia kila mtu mpaka muuza chapati wa pale kona. Kesho yake nikapanda tena nikakuta mia na ushee wengine, nikasema aisee huu mwaka ni wa neema. Siku ya tatu ndo nikashtuka, maana kulikuwa na mmoja kapungukiwa unyoya bawa la kushoto, pengo linaonekana kabisa, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshamuona mara nne. Kumbe walikuwa walewale, wanazunguka juu ya machinjio, wanashuka wanaokota utumbo, wanapanda tena, na mimi chini huku nabonyeza tu kidude cha kuhesabia kama mtu wa kura.

Kwa hiyo nawaandikia hapa namna ninavyofanya sasa hivi, ili wewe usianzie nilipoanzia mimi.

Kwanza tuelewane kuhusu majira

Ukisoma sehemu wameandika ndege wanahama "wakati wa vuli", usiwaze mvua za vuli za Dar na Tanga, huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja tu, unaanza Novemba hivi unaenda mpaka Aprili au Mei. Wanaosema vuli wanamaanisha kule kwao, Ulaya mashariki, Urusi, Kazakhstan, Mongolia, kaskazini mwa China, siku zinakuwa fupi, baridi inaingia, panya na wadudu wanapotea, basi ndege wala nyama wanaozaliana huko wanafunga safari kuja Afrika. Wakati huohuo sisi tuko mwisho wa kiangazi, jacaranda zimechanua mjini, moshi wa mashamba kila upande, vumbi la Usangu limesimama hewani kama pazia.

Ratiba kwa ufupi iko hivi. Agosti na Septemba anaingia Wahlberg's Eagle, huyu hatoki Ulaya, anahama ndani ya Afrika hii hii. Oktoba wanaanza Steppe Buzzard, kozi anayeitwa Lesser Kestrel na wale wa mbugani wanaoruka chini chini juu ya nyasi, Montagu's na Pallid Harrier. Novemba mvua zikigusa wanakuja tai wa kahawia, Steppe Eagle na Lesser Spotted Eagle, na kozi anayeitwa Hobby. Mwishoni mwa Novemba na Desemba yote ni zamu ya Amur Falcon, na huyo ndo kipenzi changu, nitarudi kwake chini. Nimeandika majina ya Kiingereza kwa makusudi, maana Kiswahili cha mtaani wote hawa ni mwewe, ukiandika "mwewe 40" kwenye daftari mwakani wewe mwenyewe hutajua ulimaanisha nani.

Ukae wapi

Ndege mkubwa hapendi kupiga mabawa, anachoka. Anachofanya anatafuta hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, anaingia ndani yake, anazunguka anapandishwa bure kama mtu kwenye lifti, akifika juu anakunja mabawa kidogo anateleza kwenda mbele kilomita kadhaa mpaka akutane na hewa nyingine ya moto. Na upepo ukigonga ukuta wa mlima nao unapanda, kwa hiyo kingo za milima ni barabara yao. Hapo sasa tumebarikiwa, maana Nyanda za Juu Kusini ni kingo tupu.

Mimi nakaa zaidi juu ya zile kona hamsini na saba, barabara ya Chimala kwenda Matamba. Bonde lote la Usangu liko miguuni pako, linaoka jua tangu asubuhi, ndege wanatokea kaskazini wanavuka bonde halafu wanakutana na ukuta wa mlima, inabidi wapande, na wanapanda mbele ya macho yako. Na kuna kitu kingine watu hawakifikirii, kuanzia katikati ya Oktoba jua letu la saa sita linakuwa limeshahamia kusini kidogo, so ukikaa unatazama kaskazini jua liko mgongoni, ndege anamulikwa vizuri unaona rangi zake. Ukikaa unatazama kusini utaona vivuli vyeusi tu mpaka macho yatoke machozi.

Walioko Mbeya mjini wajaribu vilima vya chini ya mlima Loleza. Wa Iringa mna jiwe la Gangilonga, mji mzima unauona, kamwene zenu. Kitulo ni kuzuri sana hasa kwa wale wa mbugani ila kule ni hifadhi ya taifa tangu 2005, unapita getini unalipa, na upepo wake jamani, ule uwanda uko zaidi ya mita 2,500, usiende na shati. Mlima Kitonga unavutia kweli ila sishauri mtu akae pembeni ya ile barabara na malori yanavyoshuka.

Epuka dampo, machinjio na mabwawa ya samaki. Sababu nimeshasema.

Halafu jambo ambalo hutalikuta kwenye kitabu chochote cha ndege. Mtu mgeni amekaa mlimani masaa matano na darubini, anaandika andika, hapa kwetu lazima aulizwe. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kwanza, shikamoo, jieleze, mwonyeshe picha kwenye simu, muachie namba yako. Usielekeze darubini kwenye minara ya simu wala kambi yoyote. Mimi nilishawahi kukalishwa chini karibu saa nzima na vijana wa kijiji wakinihoji natafuta madini gani, mpaka mzee mmoja akaja akachungulia kwenye darubini, akaona ndege kweli, akacheka akasema mwacheni huyu mwalimu hana madhara. Sikuwa mwalimu, ila nilikubali cheo.

Vya kubeba

Darubini ya mkono, ile iliyoandikwa 8x42 inatosha kabisa, hata ya mtumba ilimradi vioo havijapata ukungu ndani. Telesikopu ni raha ya wenye hela. Kidude cha kubonyeza cha kuhesabia, wanauza wachina kariakoo ya kila mji, chukua viwili. Daftari na penseli, sio peni, peni inagoma kwenye baridi na ikinyesha wino unatiririka. Sweta, kofia pana, maji, viazi vya kuchemsha, pawa benki. Na mwenzako, kama unampata.

Kuhesabu kwenyewe

Chora mstari hewani. Simaanishi utani, chagua vitu viwili ambavyo havitembei, kwa mfano mti mkubwa upande wa kulia na kilele cha mlima upande wa kushoto, vuta mstari kichwani kutoka hapa mpaka pale. Ndege akiuvuka mstari anaelekea kusini, mhesabu. Akiuvuka akarudi kaskazini, mtoe. Akizunguka tu hapo hapo hajavuka, muache, hana tiketi bado. Hii peke yake ingeniokoa na aibu ya machinjio.

Macho yako kwa darubini yafagie anga polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kwanza usawa wa upeo wa macho, halafu juu yake kidogo, halafu juu zaidi, halafu shusha darubini utazame kwa macho matupu juu ya kichwa, maana wanaopita utosini ndo wengi wanatupita. Mawingu meupe ni rafiki yako, ndege anaonekana kama nukta ya wino kwenye karatasi. Anga la bluu tupu ni gumu, unaweza kudhani hamna kitu kumbe wapo hamsini juu. Usimfuate ndege kwa darubini akikaribia jua, utaharibu macho, na hilo halina dawa.

Sasa ikija ile hali ambayo wote tunaisubiri, ndege wengi wameingia kwenye hewa moja ya moto wanazunguka pamoja wanapanda. Mimi naita kijiwe. Kosa la kila mtu ni kuanza kuwahesabu wakiwa kijiweni, haiwezekani, wanapishana, wengine juu wengine chini, ukifika ishirini umeshasahau ulianzia kwa nani. Tulia. Subiri. Wakifika juu wanaanza kutoka mmoja mmoja, kwenye mstari, wanateleza kuelekea kusini kama daladala zinazotoka stendi kwa foleni. Hapo ndo unabonyeza. Elekeza darubini sehemu moja tu ya foleni usiisogeze, waache wao wapite mbele ya kioo, na wewe unahesabu wanaopita. Wakiisha rudi kijiweni uone nani kabaki.

Wakija wengi kuliko kidole chako, hesabu kwa kumi kumi. Hesabu kumi wa kwanza kwa uhakika, uone hao kumi wanachukua nafasi gani angani, halafu pima kundi zima kwa kipimo hicho. Mazoezi yake yanafanyika jikoni. Chukua maharage, mwambie mtu amwage kiasi kwenye ungo bila kukwambia ni ngapi, tazama sekunde tatu, taja namba, halafu hesabuni kweli. Mke wangu alinimwagia nikasema themanini, tukahesabu mia na arobaini na mbili. Watu wengi tunakosea upande huo huo, tunataja pungufu, na kundi likizidi kuwa kubwa ndo tunazidi kupunguza. Wiki moja ya maharage ikanisogeza karibu na ukweli, ingawa mboga ya jioni ilichelewa kila siku na lawama nilizibeba mwenyewe.

Kila saa moja ikiisha fungua ukurasa mpya. Andika saa, upepo unatoka wapi, mawingu kiasi gani, unaona mbali kiasi gani maana moshi wa Oktoba unakata sana, na mko watu wangapi mnaotazama. Saa ikipita bila ndege hata mmoja andika sifuri, uandike kabisa, usiiruke. Hapa ndo wengi wananiona mkali lakini sikilizeni. Ndege 60 kwa saa moja na ndege 60 kwa saa sita ni habari mbili tofauti kabisa, na ukinipa "60" peke yake hujanipa kitu. Kule Marekani, Pennsylvania, kuna mlima unaitwa Hawk Mountain, zamani watu walikuwa wanapanda kuwapiga mwewe risasi kwa burudani tu, mwaka 1934 mama mmoja anaitwa Rosalie Edge akauchukua ule mlima akasimamisha, wakaanza kuhesabu. Hawakujua watapata nini. Miaka ikapita, karatasi zao zikaonyesha tai wachanga wanazidi kupungua, tai wakubwa wapo ila watoto hawaonekani, na hiyo ikawa sehemu ya ushahidi dhidi ya dawa ya kuua wadudu ya DDT ambayo Marekani waliipiga marufuku 1972. Isingewezekana kama kila mtu angeandika siku nzuri tu na kuficha siku mbaya.

Ila usijilinganishe nao kwa wingi. Kuna sehemu kama Batumi kwenye nchi ya Georgia, ndege wamebanwa kati ya Bahari Nyeusi na milima, wanapita zaidi ya milioni moja kila mwaka. Sisi hatuna shingo ya chupa namna ile, wakishafika Afrika mashariki wanatawanyika mapana yote. Siku ya kawaida kwangu ni kumi, ishirini, sifuri, saba.

Huyu ni nani?

Hapa sitaandika kitabu. Anza na wenyeji, wajue mpaka uchoke nao, ili uwaondoe kwenye hesabu. Augur Buzzard ndo mkubwa wao huku kwetu, tumbo jeupe mara nyingi na mkia mfupi mwekundu kama tofali, yupo mwaka mzima kila nguzo ya umeme. Kunguru nao wakipaa juu wanadanganya.

Steppe Buzzard ana mabawa mapana, mkia wa wastani, na wengi wana mkanda mweupe mweupe kifuani. Wahlberg's ni kahawia, mabawa yamenyooka na mkia mrefu mwembamba ameufunga, ukimwona kwa chini ni kama msalaba wa mbao mbili. Mwewe wa mtaani, yule mwizi wa vifaranga, mkia umechanuka mwishoni na anaupindapinda akiruka kama usukani. Wale wa mbugani wanashikilia mabawa juu kidogo, herufi V, wanayumba yumba juu ya nyasi. Madume yao ni kijivu, unaweza kuwatofautisha, majike na watoto wa Montagu's na Pallid achana nao, waandike kundi moja.

Na hilo ni agizo. Daftari lako liwe na safu ya "sijui". Tai wa kahawia sijui, kozi sijui, mwewe sijui. Ndege wa kilomita mbili kwenye joto linalomeremeta ukimpa jina umemsingizia. Mtu akinionyesha karatasi ya siku nzima ambayo hamna hata sijui mmoja, siiamini karatasi nzima.

Amur na kumbikumbi

Huyu ni kozi mdogo tu, hafiki hata robo kilo. Dume kijivu cheusi, miguu ya rangi ya chungwa, mapaja kama kutu, na akifungua mabawa kwa chini upande wa mbele ni mweupe peee. Jike tumbo jeupe lenye madoa, miguu ileile ya chungwa. Anazaliana kule Siberia mashariki, Mongolia na China kaskazini, anapita India, halafu anaivuka Bahari ya Hindi kwenda Afrika bila kutua, zaidi ya kilomita elfu mbili za maji matupu. Mwaka 2012 ilijulikana kuwa kule Nagaland, India, karibu na bwawa la Doyang, wanakijiji walikuwa wanawanasa kwa nyavu maelfu kwa maelfu. Mwaka uliofuata vijiji vilevile vikaacha, wakawa walinzi, na ndege wachache wakafungwa vifaa vya setelaiti. Kwa hiyo anayepita juu ya shamba lako la mahindi Desemba ni mtu aliyevuka mengi.

Kuwapata ni rahisi ukijua jambo moja, wanafuata kumbikumbi. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha usiku, kesho yake jua likatoka, toka. Watoto wana mabeseni yao wanaokota, na juu ya vichwa vyao Amur wanakamata kwa miguu wanakula wakiwa wanaruka, mabawa ya kumbikumbi yanadondoka polepole kama theluji ya kwenye tivii. Tai wenyewe, Steppe Eagle mzima na ukubwa wake, anashuka anatembea chini shambani anadonoa kumbikumbi kama kuku. Mara ya kwanza kuona nilicheka peke yangu. Hapo lakini huhesabu kwa mstari, maana hawapiti, wanakula. Andika kundi kubwa zaidi uliloona kwa mara moja, basi.

Jioni ni habari nyingine. Wanapenda kulala pamoja kwenye miti mirefu, kule Afrika Kusini wanajaa maelfu kwenye mikaratusi ya mijini, na huku wakiwa njiani ukibahatika utakuta mikaratusi fulani wameichagua. Fika saa 11 na nusu jioni, kaa mbali, hesabu wanaoingia kwa kumi kumi kutoka upande mmoja tu, mwenzako achukue upande wa pili, mpaka giza liingie saa 1. Usipige tochi wala kelele. Ukikosa jioni nenda alfajiri wanapotoka, japo wanatoka kwa fujo.

Radi. Novemba ukiona wingu jeusi linajenga upande wa Rungwe au Chimala, shuka kilimani wakati huo huo, usisubiri kundi la mwisho.

Kupeleka hesabu

Natumia eBird, app ya bure ya kurekodi ndege, inafanya kazi bila bando halafu unatuma ukifika mjini. Chagua kuhesabu ukiwa umetulia sehemu moja, fungua orodha mpya kila saa, weka namba halisi na sio ile herufi X ya kusema tu kwamba ndege alikuwepo. Ikikuuliza kama umeandika ndege wote uliowaona, na wewe umeandika wala nyama tu ukaacha shomoro na njiwa, jibu hapana. Mwisho kabisa, saa. App inahesabu saa za kizungu. Mimi nilikaa saa 4 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, nikajaza 4:00 mpaka 9:00 bila kufikiria, wiki mbili baadaye nikapata ujumbe wa heshima kabisa kutoka kwa mkaguzi anauliza nilitumia taa ya aina gani kuona Steppe Buzzard kumi na tisa wakielea juu ya Matamba saa kumi za usiku. Nilirekebisha nikaweka 10:00 mpaka 15:00, na kwenye jalada la daftari nikaandika kwa maka pen: ONGEZA SITA.